Muuguzi Aliyeondoka na Glasi ya Dada Yake

Ndugu waombolezaji, marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Glasi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1964, na kwa kuwa alikuwa na kichwa chepesi kuliko dada yake, aliyeishia darasa la saba, alifika sekondari, kisha chuo cha uuguzi, na Januari 1979 akapangiwa chumba cha dharura, akakaa humo miaka thelathini na saba, miguu ikavimba, hakuhama.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na seremala, mtu asiyesema sana kwa kuwa nyumbani msemaji alikuwapo, wakajaliwa watoto wawili.

Juni 1984 aliletwa msichana wa bweni, homa kali, mikono baridi, madoa machache miguuni, wakasubiri maabara kwanza kama walivyozoea, na majibu ya homa ya uti wa mgongo yalipotoka msichana alikuwa ameshafariki. Marehemu alilisimulia hilo mara moja tu, ila hakusubiri tena.

Jumapili tarehe 17 Septemba 1989, akiwa kwa dada yake, alimkuta binti wa dada, wa miaka mitatu, anatapika, hataki kuguswa miguu, dada akasema ni mafua, uuguzi wako uache kazini, lakini yeye alichukua glasi mezani, katika zile sita za harusi ya dada, akaikandamiza juu ya doa pajani, na doa halikufifia, dalili ya homa ile ile ya uti wa mgongo. Akambeba mtoto mgongoni, glasi mkononi, hadi chumba cha dharura, na daktari wa zamu alipotaka majibu kwanza, akamwambia, "Mwanangu, damu chukua, sindano ichomwe sasa hivi, dripu iende, majibu yatatukuta hapa hapa." Mtoto alipoteza vidole viwili vya mguu, hakupoteza kingine, na ndiye anayewasomea karatasi hii, naye ameagizwa asilie mpaka aimalize.

Glasi haikurudi. Kila walipoonana dada aliiulizia, na marehemu alijibu, "Iko kazini, dada," na kweli ilikuwa mfukoni mwa gauni lake, akiwafundishia wauguzi wapya.

Alistaafu mwaka 2016, moyo ukaanza kumsumbua 2022, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 2024, akiwa ameshawakosoa waliomtandikia kitanda.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopika na kufagia, na wauguzi wa dharura walioileta glasi jana, imefungwa kwenye taulo. Dada ameikagua, haina ufa, anaomba mrudi nayo kazini, tano zinamtosha.

Zamu yako imeisha, mama mdogo. Sasa pumzika, kwa amani.