Siku Kipruto Alipopogoa Chai Yake

Mimi sikuambiwa na mtu. Nilikuwa hapo mwanzo mpaka mwisho, na macho yangu haya yanaweza kuhesabu mbuzi wa Bomet nikiwa nimeketi Kimulot. Benchi yetu iko mbele ya senta ya kuuzia majani chai, na kutoka hapo shamba la Kipruto unaliona lote. Korti ilishampata na hatia ya kuchoma mashine ya kuchuna chai ya kampuni moja, ile iliyofukuzisha watu kazi. Kesho anasomewa kifungo, na wakili amemwambia asitarajie chini ya miaka mitatu. Basi siku yake ya mwisho nje, tangu asubuhi, alikuwa na panga anakata chai yake mpaka magotini. Alipotuona alisimama, akatupungia mkono.

— Huyo amechanganyikiwa, akasema Gavana, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kwa kamati ya maji. Chai ikikatwa hivyo ni miezi mitatu bila jani. Sally bibi yake atakula nini?

— Ni wivu, akasema Spana, fundi wa baiskeli. Hataki mwanaume mwingine amsaidie bibi kuchuna.

— Wivu wapi, akasema Gavana. Ile mashine ilikuwa na kompyuta inashika sura za watu. Aliizika hapo, sasa anaitafuta.

— Hamjui kitu nyinyi, nikasema. Anafungua uwanja. Kuna ndege inakuja kumbeba mpaka Uganda.

— Ndege gani, mzee?

— Si nimeiona Jumanne ikipima uwanja.

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Janeffer, anayetuuzia hiyo chai, hakucheka.

— Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu. Sally kuchuna anaweza, kupogoa hawezi, mgongo wake mnaujua. Ikikatwa leo, itataka panga tena wakati Kipruto anatoka.

Ayoo, mwalimu aliyehamia juzi, alikuwa anangoja chapati zake.

— Samahani wazee. Hiyo mashine aliichoma peke yake?

Gavana akachungulia kikombe, na kilikuwa kitupu. Spana akavuta mkono wa sweta, ukafunika kovu la moto. Mimi nikafunga kamba za viatu. Mtungi wa petroli ulikuwa wangu. Kortini Kipruto aliulizwa mara tatu alikuwa na nani, na hakutaja mtu.

Ayoo alilipa chapati akaenda.

Hayo yote ni kweli, isipokuwa pale pa kutupungia mkono. Hapo niliongeza mimi. Kipruto hakutuangalia siku nzima.