Mama Ghattas na Wanawe Watatu

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Kfarlawz na ninyi nyote mliopanda mlima huu na baridi hii kuja kutushika mkono, familia imemkabidhi Salwa, kitinda mimba wa marehemu, karatasi hii awasomee, kwa kuwa kaka yake Jiryis amesema wazi kwamba sauti yake haitafika nusu ya njia, naye Salwa anaomba radhi mapema, maana humu mna jambo moja ambalo ndugu hawa wawili waligombana juu yake hadi jana jioni, nalo ni hili, mama yao ahesabiwe kuwa ameacha watoto wangapi.

Marehemu Hasna Butros, ambaye sote tulizoea kumwita Mama Ghattas kwa jina la mwanawe wa kwanza, alizaliwa hapa hapa Kfarlawz tarehe 12 Machi 1940, akasoma katika shule ya masista hadi darasa la tano, ambalo hakulimaliza kwa sababu mama yake alifariki mwaka 1952 na nyumba ikakosa mpishi, kisha akaajiriwa jikoni kwa masista hao hao kuanzia mwaka 1956 hadi 1961, na huko ndiko alikojifunza kuipika jamu ya safarjali, lile tunda gumu la njano la vuli, mpaka ikawa nyekundu bila kuungua, na pia kusema alichokiona bila kumung'unya maneno, maana hakuna mke wa mtu katika kijiji hiki ambaye hakupata kuulizwa, "Hii ni jamu, mwanangu, au uji wa mgonjwa?"

Alifunga ndoa Jumapili tarehe 24 Septemba 1961 na Tannus Khattar, fundi wa kuta za mawe, mtu mpole aliyekuwa akimwachia mkewe maneno yote ya nyumba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ghattas aliyezaliwa tarehe 6 Januari 1963, siku ya Epifania, Jiryis tarehe 30 Mei 1966, na Salwa tarehe 2 Februari 1971.

Alhamisi tarehe 10 Oktoba 1985, wakati wa vita, majani ya mizabibu yakiwa yameanza kupukutika na wanawake wa kijiji wakijaza stoo zao akiba ya majira ya baridi, Mama Ghattas aliishiwa sukari jamu ikiwa jikoni, akamwambia mwanawe mkubwa, "Teremka mjini mara moja, baba, usikae," naye Ghattas akateremka, akafika dukani, akainunua sukari hiyo, na katika kurudi akasimamishwa kwenye kizuizi cha watu wenye silaha, ambao hadi leo hatujui walikuwa wa nani, wala hakuonekana tena, hai au maiti. Mama yake alimtafuta kwa miaka minne, akibisha kila mlango uliokuwa na mlinzi, na baba yake, ambaye hakubisha popote bali alikaa akijenga kuta ambazo hakuna aliyemwomba, alifariki tarehe 3 Aprili 1994.

Watu wengi walijiuliza kwa nini mama huyu, aliyepigwa na vuli namna ile, ndiye aliyeanzisha katika nyumba yake desturi ya shukrani ya vuli, kwamba Jumapili moja ya Oktoba, chupa ya mwisho ikishafungwa kifuniko, wote waliomo wakae mezani na kila mmoja ataje jambo moja la mwaka ule analolishukuru, na sababu aliwahi kumwambia Salwa, kwamba aliogopa asipoishukuru Oktoba ataichukia, na akiichukia ataichukia na jamu, na nyumba, na waliobaki ndani yake. Zamu zilianza kwa watoto, kwa kufuata umri, kwa hiyo ya kwanza ilikuwa ya Ghattas, naye mama alimsemea, kila mwaka maneno yale yale, "Ghattas anashukuru, hajambo," ndipo Jiryis aruhusiwe kufungua kinywa.

Salwa anasoma haya kwa ridhaa ya kaka yake, kwamba Jiryis aliishi miaka thelathini na mitatu akiwa wa pili kwa mtu asiyekuwepo. Baba yao alipofariki, tangazo la msiba lililobandikwa kwenye kuta na nguzo za umeme liliandikwa jina la Ghattas juu na la Jiryis chini yake, na katika mstari wa kupokea mikono ya pole mama alimwamuru aache nafasi ya mtu mmoja upande wa kulia, akaiacha, na watu wakapita mbele ya ile nafasi wakiinamisha vichwa.

Jumapili tarehe 29 Oktoba 2017, mama alipokwisha kusema maneno yake ya kila mwaka, Jiryis aliweka kijiko chini na kusema, "Mama, Ghattas amekufa. Mimi nashukuru kwamba niko hai, na ningependa siku moja na wewe ulishukuru hilo," na mama akamjibu, "Toka mezani kwangu," akatoka, na mkewe akatoka nyuma yake, na mwaka wa mwisho wa maisha ya mama yetu ukaanza hivyo.

Tangu siku hiyo hadi Septemba, Jiryis, anayekaa mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, hakukanyaga nyumba ya mama yake, Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, na mama, aliyekuwa akivimba miguu na kukosa pumzi, akahamia kwa Salwa wakati wa theluji, wakagombana kila siku juu ya chumvi ambayo daktari aliikataza na ambayo mama aliificha ndani ya soksi. Mwezi Mei walikuja watu wawili waungwana, wanaokusanya mate ya wazazi wa waliopotea ili yalinganishwe na mifupa ikipatikana, wakaomba kumpitishia pamba ndani ya shavu, akawafukuza akiwa amesimama na mkongojo, "Mmekuja kunitafutia maiti? Mimi nina mtoto, sina maiti."

Tarehe 14 Septemba daktari alisema moyo wake umechoka na hautapona, Salwa akampigia kaka yake simu, na kesho yake Jiryis akaingia kwa Salwa na makapu mawili ya safarjali, akaketi, akaanza kumenya bila salamu, na mama akamwambia, "Umekonda. Huko kwako hawapiki?" naye akajibu, "Wanapika uji wa mgonjwa, Mama," wakacheka, mkewe Jiryis akiwemo, na hapo hakuna aliyeomba msamaha wala aliyeudai.

Jumapili tarehe 21 Oktoba tuliketi mezani. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno yake ya siku zote, lakini zamu ya Ghattas ilipofika alimgeukia Jiryis na kusema, "Msemee wewe, maana mimi nimechoka kumsingizia." Jiryis aliwaka uso, halafu akasema, "Ghattas anashukuru, Mama, kwamba siku ile ulimtuma kama mama yeyote anavyomtuma mwanawe. Anasema huna kosa. Na mimi nasema hivyo hivyo." Mama yetu, ambaye hatukuwahi kumwona akilia mbele yetu, alilia mpaka ikabidi tumshike mabega, na alipotulia akasema hili tu, "Nilidhani mnajua kosa ni langu, mnaninyamazia." Kisha akaamuru zamu ziendelee, Jiryis akashukuru kwamba amerudi, mkewe akashukuru kwamba paa halikuvuja, Salwa akashukuru kwa mwaka mzima wa ugomvi wa chumvi, na wa mwisho akawa mama mwenyewe, aliyesema anashukuru kwa wanawe, bila kutaja ni wangapi, akaongeza, "Waiteni wale watu wa pamba. Niliwafukuza vibaya."

Walikuja Alhamisi tarehe 25, akafungua kinywa kwa hiari yake, na Jumanne tarehe 30 Oktoba 2018, saa nne asubuhi, akiwa kitandani kwake, Jiryis amemshika mkono huu na Salwa ule, akatutoka.

Majibu ya pamba hiyo hayajaja, na huenda yakachukua miaka, na hapo ndipo ulipotokea ugomvi tulioutaja mwanzo, kwa kuwa mchapaji wa tangazo alikuwa akisubiri majina, Jiryis akitaka mbele ya jina la kaka yake iandikwe "marehemu", ili hatimaye aombewe kanisani kama mtu, na Salwa akisema mama alitoa mate yake, hakutoa ruhusa ya kumzika mtu, wakapandishiana sauti mbele ya mwili wa mama yao, jambo wanaloliomba radhi kwenu, mpaka Jiryis mwenyewe alipochukua simu na kumwambia mchapaji, "Andika matatu. La kwanza liwe Ghattas. Mbele yake usiweke neno lolote, hatujui."

Kwa hiyo familia inatangaza kwamba marehemu ameacha watoto watatu, Ghattas, Jiryis na Salwa, pamoja na mkwe mmoja na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hata walipotukanwa kwa ajili ya chumvi, tunawashukuru majirani waliotuwashia majiko na kutuletea mikate, masista aliowapikia wasichana wao, wenzake Jiryis wa kazini waliochimba kaburi kwenye ardhi ya mawe, na wale waungwana wawili waliokubali kurudi kwenye mlango walikofukuzwa.

Umengoja, inatosha, Mama Ghattas. Pumzika sasa, kumngoja tutamngoja sisi.