Chai Iliyopoa: Mwalimu Viola Nabwile Anatuaga

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, Mwalimu Viola Nabwile atakabidhi funguo za maktaba ya chuo chetu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Kiswahili: minane ya kwanza Kitale, na ishirini na minane hapa Bungoma. Nje ya lango letu anajulikana kama mwandishi wa riwaya nne zilizowachanganya na kuwafurahisha wasomaji wa nchi nzima. Sisi wa chumba cha walimu tunamjua kama mtu anayegusa vikombe vya wenzake. Nimeombwa nieleze yote mawili. Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo mtanisamehe nikienda moja kwa moja, jambo ambalo yeye hajalifanya katika kitabu chochote.

Alizaliwa Bokoli, karibu na Webuye, katika nyumba ya wakulima. Alipomaliza masomo alipelekwa kufundisha shule moja ya wasichana huko Kitale, akapanga chumba kimoja nyuma ya maghala ya mahindi. Huko ndiko alikoolewa na Levi Khisa, daktari wa mifugo, mtu mpole aliyerudi nyumbani kila jioni akinuka dawa ya kupe. Jioni moja Levi alikuwa amemiminiwa chai, na Viola akamsomea ukurasa wa kitu alichokuwa akikiandika bila kumwambia mtu. Alipomaliza, Levi alinyanyua kikombe, akaonja, kisha akalalamika kwamba chai imekuwa baridi na kosa ni la mkewe. Mwalimu Viola husema hajawahi kusifiwa vizuri kuliko siku hiyo.

Ukurasa ule ukawa mwanzo wa Saa ya Stesheni. Kwa wasioisoma, ni riwaya ya asubuhi moja tu. Mwanamke ameketi katika stesheni ya Bungoma akingoja treni, na akingoja hivyo maisha yake yote yanampitia akilini bila kupanga foleni. Mazishi yanakuja kabla ya harusi, utoto unakuja baada ya uzee, sura hakuna, na sentensi moja inatembea kurasa kumi na moja kabla ya kutua. Siku hizi vyuo vikuu vinaifundisha kama mfano wa riwaya ya kisasa iliyoacha kufuata saa ya ukutani ikafuata saa ya moyoni.

Mwaka ilipotoka, Kitale hawakuwa na habari hiyo. Aziz, aliyekuwa na duka la vitabu karibu na msikiti, alirudishiwa nakala na mteja aliyedai kwamba kurasa zimeshonwa ovyo. Aziz ni muungwana, akambadilishia. Mteja akarudi na ile ya pili, akasema nayo ni hivyo hivyo. Aziz akabadilisha tena, akampigia mchapishaji simu kwa hasira, na baada ya hapo ndipo alipopata wazo la kuketi akaisoma mwenyewe. Siku hiyo alifunga duka mapema ili aimalize. Tangu hapo kila aliyeinunua aliambiwa mlangoni kwamba kitabu kiko sawa kabisa, na kama hajaelewa asome tena.

Wanafunzi wake nao wana kichekesho chao. Mtu huyu wa sentensi ndefu ndiye mwalimu mkali kuliko wote kuhusu nukta. Derrick, aliyesomea hapa, aliwahi kuthubutu kumuuliza kwa nini yeye akatwe alama kwa kusahau nukta moja, ilhali mwalimu wake amezisahau kwa kurasa kumi na moja. Alijibiwa kwamba ajue kwanza nyumba ya nukta iko wapi, halafu ataruhusiwa kuihamisha. Derrick sasa anafundisha karibu na Kibabii, na tumesikia anawajibu wanafunzi wake vivyo hivyo, tena bila kusema alikolitoa jibu.

Alipohamia kwetu, kazi ya Levi ya kuacha chai ipoe ikawa yetu. Kila Alhamisi, mapumziko ya saa nne, Bramwel wa jikoni akishamimina chai ya maziwa na kuleta viazi vitamu, Mwalimu Viola alisimama kando ya dirisha akasoma ukurasa mmoja. Hakueleza, hakuuliza maoni. Akimaliza alizunguka meza akigusa kila kikombe kwa mgongo wa vidole. Kikombe kitupu maana yake mwenyewe alipata nafasi ya kunywa, na ukurasa ulirudi nyumbani kukatwakatwa. Kikombe kilichojaa na kupoa, ukurasa umepita. Riwaya zake tatu zilizofuata zimepita juu ya meza ile. Mgeni mmoja, mkaguzi kutoka makao makuu, alidhani ni ukaguzi wa usafi, akakificha kikombe chake chini ya kiti.

Alipoitwa Nairobi kupokea tuzo, sherehe iliangukia Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikuwa kazini, akimwomba Bramwel amimine chai ili asikose wiki. Tuzo yenyewe iko maktabani nyuma ya kamusi kubwa. Anayetaka kuiona aombe kuonyeshwa.

Miaka mitatu iliyopita Levi aliugua. Mwalimu Viola aliendelea kuja kazini akitokea hospitalini, na Alhamisi moja akatusomea ukurasa uliochoka kama yeye mwenyewe. Kimaiyo wa kilimo, ambaye moyo wake ni laini kuliko sauti yake, alikuwa ametunong'oneza mapema kwamba leo asinywe mtu. Hatukunywa. Akazunguka, akagusa, na vikombe vyote vilikuwa vimejaa, vyote baridi. Akarudi darasani. Wiki iliyofuata alisimama dirishani bila karatasi, akatuambia kwa upole kwamba ukurasa ule ulikuwa mbovu na alijua. Huruma, alisema, anaipata ya kutosha kwingine. Hapa alikuwa anafuata ukweli.

"Mkinidanganya ninyi," akasema, "nitamwamini nani?"

Levi alizikwa Bokoli, walikokuwa wamejenga, mwezi uliofuata. Mwalimu Viola alirudi darasani akafundisha vizuri kama kawaida, lakini Alhamisi zikawa zinapita bila ukurasa. Riwaya ya tano ilikuwa imefika katikati, ikasimama hapo. Alikaa nasi mezani akinywa chai yake yote ikiwa moto, kisha akarudi maktabani. Ilituuma sana kumwona hivyo.

Siku ya kustaafu ilipokaribia, Mukami wa muziki alimuuliza kama sasa atapata nafasi ya kukimaliza kitabu. Akajibiwa kwamba hakitamalizwa. Bokoli kuna kuku, kuna migomba, na kuna kiti cha Levi barazani, lakini hakuna mtu wa kuacha chai ipoe. Mukami alitusimulia akijifuta macho. Hapo tukaelewa kwamba tulikuwa tunaaga mwalimu na kitabu pamoja, na kitabu kile hakina mtu mwingine wa kukiandika.

Tulimbembeleza atusomee ukurasa mmoja wa mwisho. Bramwel alitisha kwamba asiposoma hapikiwi chai ya kuagana. Akakubali. Safari hii sisi wenyewe tulipatana kinyume cha ile ya kwanza: hakuna kuhurumia, anayetaka kunywa na anywe, na Kimaiyo akaapishwa mbele ya wote.

Alhamisi iliyopita alisimama dirishani. Ni ukurasa wa mwanamume anayerudi nyumbani kutoka kumzalisha ng'ombe wa jirani, uzazi wenyewe ukisimuliwa kwa mstari mmoja tu. Ananawa mikono hadi viwikoni nje ya mlango, anauliza kama kuna chai. Hakuna kingine kinachotokea. Lakini kabla maji hayajakauka mikononi mwake, tulikuwa tumeiona nyumba nzima, chumba cha Kitale, jioni zote zilizopita na zile ambazo hazitakuja. Mimi sikukumbuka kama nina kikombe.

Akaanza kuzunguka. Changu kilikuwa baridi, cha Bramwel baridi, cha Mukami baridi. Cha Kimaiyo kilikuwa kitupu, hadi majani ya chai yalionekana chini. Chumba kizima kilimtazama vibaya. Kimaiyo alijikunyata kwenye kiti, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Madam, si mlisema tusidanganye? Hapo kwa ng'ombe ndio nilikunywa. Daktari ndio anafika, na ndama ako chini tayari. Ati haraka hivyo? Ng'ombe haizai hivyo bana."

Mwalimu Viola alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mazishi, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Alisema Levi angelalamika hapo hapo, kwa maneno hayo hayo. Akaikunja karatasi, akasema anaenda kumzalisha yule ng'ombe upya, polepole, na Jumatatu tukamwona maktabani akiandika.

Mwalimu, wenzako wanakushukuru kwa wanafunzi uliowalea, kwa vitabu, na kwa kutuamini sisi na vikombe vyetu. Tunakupenda, na chumba hiki kitakuwa kikubwa mno bila wewe. Kwa kuwa kazi bado inatushika katikati ya wiki, tumekubaliana Alhamisi yako ihamie Jumamosi. Wawili wetu watakuja Bokoli kila wiki na chupa ya chai ya Bramwel, na Kimaiyo atakuwa mmoja wao daima, mradi asibadilike. Tunakuombea afya, mavuno mema, na kurasa nyingi zitakazotuharibia chai.

Na ukituchosha, tutakunywa.

Hawo Adow, Idara ya Hisabati, kwa niaba ya chumba cha walimu