Mji Uliokuwa Ndani ya Kaseti

Tik. Kisha mvumo mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Kisha noti nne za muziki, zinapanda, zinapanda, na ya nne inabaki huko juu.

Mlio huo, wasikilizaji wapendwa, tumeurekodi juzi. Ni swichi ya mashine ya gemu ya zamani ikibonyezwa, na televisheni ya kichogo ikiamka. Kwa miaka ishirini na sita mlio huo ulitoka kwenye chumba kimoja chenye mlango wa bluu, ukuta kwa ukuta na kinyozi. Juzi aliyebonyeza swichi ni mjane. Mwenye chumba hayupo. Leo tunamkumbuka fundi wa mashine za gemu, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina moja tu: Puliza.

Jina lenyewe ni la dhihaka. Mliocheza gemu za kaseti mnakumbuka. Kaseti ikigoma, unaichomoa, unaipuliza kwa nguvu, unairudisha. Yeye alilichukia jambo hilo kuliko wizi. "Usipulize!" alikuwa akifoka kutoka ndani. "Mate ni kutu! Unaitemea mate halafu unaniletea mimi niitibu?" Alifoka hivyo kila siku, basi wakamwita Puliza. Mtaa hauna huruma.

Mashine ya kwanza aliletewa na dada yake mkubwa. Dada alikuwa muuguzi, na aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaja nayo nyumbani imefungwa kwenye shuka la hospitali. Ilikuja na kaseti moja. Gemu ya kujenga mji. Unaanza na uwanja mtupu, unajenga nyumba, unachimba kisima, unapanda miti. Na kila nyumba unaweza kuibandika kibao na kuandika maneno machache.

Dada aliandika. Weee, aliandika! Nyumba ya mdogo wake aliibandika: MVIVU ANALALA HAPA. Ya mama yao: BISHA HODI MARA TATU. Zahanati ya mji huo, yeye mwenyewe akiwa mtu wa sindano, aliipa kibao kisemacho: SINDANO HAIUMI SANA. Vibao thelathini na kimoja. Kila kimoja kilikuwa mzaha, kila kimoja kilikuwa sauti yake.

Kibao cha mwisho alikiandika akiwa mjamzito. Alijenga kijumba kidogo kando ya mto, akapaka paa rangi nyekundu, akaandika: MGENI ANAKUJA.

Mgeni alikuja. Binti. Alipotimiza miaka miwili, mama yake aliugua figo na kufariki. Mtoto alichukuliwa na ndugu wa baba yake, mji wa mbali. Puliza alibaki na kaseti.

Tuseme tena, ili iwe wazi. Dada alifariki. Maneno yake yalibaki ndani ya kaseti. Na maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi. Ndani ya kaseti ya aina hiyo mna kibetri bapa, saizi ya kifungo cha koti. Kibetri hicho ndicho kinachokumbuka mji wako. Siku kikifa, mji umekufa.

Mpwa wake alikua. Siku hizi ni dereva wa gari la wagonjwa. Alikuwa akimtembelea mjomba kila likizo, na kila likizo swali lilikuwa moja: mama alikuwa mtu wa namna gani? Na hapa, wasikilizaji wapendwa, lazima tuseme ukweli, maana marehemu hatumpambi. Puliza alikuwa mwongo wa mapenzi. Mtoto akilia, alikuwa akisema, "Mama yako alisema utakuwa jasiri." Mtoto akikataa kula, "Mama yako alisema ule mboga." Alimtungia mama mzima.

"Nilipofika miaka kumi na tano nikamshtukia," anasimulia mpwa. "Nilimwambia, mjomba, mama gani huyu aliyeongea kuhusu mboga, viatu, hesabu na kufunga mlango? Alifariki mimi nina miaka miwili, aliyasema lini yote hayo? Akacheka. Nikamwambia, sasa sikuamini tena hata neno moja. Hakucheka tena."

Kuanzia siku hiyo kaseti ilikuwa ushahidi wake. Alimwambia mpwa kwamba kuna mji, na ndani ya mji kuna maneno ambayo hakuyatunga yeye, na kibao kimojawapo ni cha mpwa mwenyewe. Hakumwambia kinasemaje. "Utakisoma mwenyewe," alisema. "Kwa macho yako. Ila ngoja kwanza nibadilishe betri, isije ikazimika mkononi mwako."

Ngoja hiyo ilichukua miaka minane.

Mganga hajigangi. Kaseti za watu alizibadilisha betri zaidi ya mia mbili, na hakupoteza mji wa mtu hata mmoja. Alikuwa na njia yake. Kabla ya kung'oa betri ya zamani, alilehemu nyaya mbili kutoka betri ya pembeni, ili umeme usikatike hata nukta moja. Mgonjwa hakatiwi pumzi. Lakini kaseti ya dada yake aliiweka mezani, akaitazama, akairudisha kwenye boksi. Mkono ulikataa.

Alikuja hapa studioni mara mbili. Mara ya kwanza msikilizaji mmoja alipiga simu, akauliza: hizi gemu zetu za zamani sasa zinauzwa upya mtandaoni, za kupakua. Kuna maana gani kununua tena kitu nilichokwisha kununua? Puliza alijibu kwa ukali. "Ulichonunua unakishika. Unakiazima, unakirithisha, ukitaka unakiangusha chooni, ni chako. Hicho cha kupakua umepanga tu, ila kodi yote umelipa siku ya kwanza."

Mara ya pili alikuja na wimbo mwingine. Gemu ya mji nayo ilikuwa imetolewa upya, ya kupakua, na tangazo lake likasema mji wako utahifadhiwa juu huko, mtandaoni, milele. Milele! Neno hilo lilimwingia mtu aliyeogopa kibetri kwa miaka minane. "Kaseti zinakufa, jamani," alisema kwenye kipaza sauti hiki hiki. "Mimi ndiye ninayezizika. Nunueni tena. Pakueni. Plastiki itaoza, gemu itabaki."

Kinyozi jirani alimcheka. "Gemu uliyonayo unainunua tena? Basi na shemeji mwoe mara ya pili!"

"Shemeji yako hana betri," alijibu Puliza.

"Ana ulimi usioishiwa chaji," akasema kinyozi, na mke wa Puliza, fundi cherehani, akamrushia kinyozi kipande cha kitambaa kilichomfunika uso.

Walicheka. Walicheka sana. Kisha kinyozi alimsikiliza fundi wake. Aligawa kaseti zake zote kumi na moja, akapakua. Watu wengi wa mtaa ule walifanya hivyo. Puliza amesema, na Puliza ndiye anayejua.

Mwenyewe alinunua, akapakua, akakuta uwanja mtupu. Hilo alilijua. Ukinunua gemu upya unapewa gemu. Miaka yako hupewi. Basi akaanza kujenga. Televisheni mbili bega kwa bega: kushoto mji wa dada, kulia uwanja mtupu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alinakili. Mti kwa mti. Kibao kwa kibao. Mkewe alikuwa akishona kando yake, na anakumbuka mumewe akisoma herufi moja moja kwa sauti. Miezi minne.

"Nilimwambia, si upige picha na simu?" anasema mjane. "Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, nani anapiga picha nyumba anayokaa?"

Siku alipomaliza, alimpigia mpwa wake simu. "Njoo. Kila kitu tayari." Kisha, kwa kuwa sasa nakala ipo, mkono uliokataa kwa miaka minane ukakubali. Akaifungua kaseti kubadilisha betri. Zile nyaya mbili zilikuwa ukutani, kwenye msumari wake. Hakuzitungua. Nakala ipo. Alilehemu hivi hivi, bila betri ya pembeni, kama anayetengeneza tochi.

Alipoiwasha, noti nne zililia. Kisha uwanja mtupu. Na swali: Mji wako unaitwaje?

Mkewe alimkuta amekaa mbele ya swali hilo, pedi ya kuchezea mapajani. "Aliniambia, mke wangu, nimemuua. Nikamwambia, si nakala unayo? Akasema, ndiyo, ninayo. Akasema mara tatu. Ninayo, ninayo, ninayo."

Alikuwa nayo kwa siku kumi na tisa.

Kampuni iliyouza gemu ile ilifunga duka lake la mtandaoni. Walitoa notisi ya siku tisini, tena ni kweli walituma. Ilikwenda kwenye barua pepe aliyofunguliwa Puliza siku ya kujiandikisha, ambayo hakuifungua tena. Fundi wa mikono, barua zake huletwa dukani! Notisi ilisema kila mteja apakue mji wake auhifadhi mwenyewe, maana baada ya tarehe fulani vyote vitafutwa. Tarehe ikapita. Jumatatu asubuhi aliwasha, na mashine ikamwambia huduma hii haipatikani. Maneno matatu. Hakuna pole. Hakuna samahani. Watu waliouza milele walisema haipatikani, wakafunga mlango, na hata uso wa kutemea mate hawakutuachia.

Alikwenda kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti. "Nikamfunga shuka, nikashika mashine," anasema kinyozi. "Akasema, sitaki kunyolewa. Nimekuja kukuomba radhi kwa kaseti zako. Nikamwambia, ndugu yangu, gemu ni gemu, sahau. Nilidhani namfariji. Akaondoka na shuka langu shingoni."

Mpwa alifika Alhamisi, na likizo ya siku tano. Mjomba alimpokea begi, akamkalisha, akamweleza yote. Hakujificha. Alisema: nilikuwa na kitu cha mama yako, nikakipoteza mara mbili. Mara moja kwa mkono wangu, mara moja kwa kuamini watu.

Mpwa aliuliza, "Kibao changu kiliandikwaje?"

"Mgeni anakuja."

Kisha akauliza, "Ni kweli, mjomba, au unanituliza?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo palipomvunja. Hakuwa na cha kumwonyesha. Alikuwa na neno lake tu, na neno lake alikwisha kulitumia vibaya kwa mboga na viatu, tangu mtoto akiwa na miaka mitatu. Alisema, "Ni kweli." Mpwa akasema, "Sawa." Mjomba alijua sawa ile. Ni sawa anayoambiwa mgonjwa ndani ya gari lenye king'ora.

Hakufungua duka tena. Presha aliyokuwa nayo siku zote ilipanda, na dawa alizisahau, au alijisahaulisha. Wiki ya sita alianguka bafuni. Alilazwa siku tatu, alifariki siku ya nne, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Mpwa ndiye aliyeendesha gari lililoubeba mwili. Aliomba mwenyewe. Hakuwasha king'ora.

Tulimpigia simu yule msikilizaji wa kwanza, aliyeuliza kama inafaa kununua tena. Anasema alinunua, zikapotea, na hata hajali sana. Alitaka kucheza kidogo tu, akacheza. Huo nao ni ukweli. Kwa anayetaka kucheza, inafaa. Lakini wako wanaowasha gemu ya zamani ili wamkute mtu. Hao wapakue mara mia, hawatamkuta. Na kaseti nayo, tusidanganyane, haitawatunzia. Kibetri kinahesabu.

Kwa mjane, poleni sana. Kwa mpwa, poleni sana. Kwa kinyozi, uliyepoteza ukuta wa kupigia soga, pole. Na sisi tunaosikiliza, tujiulize swali moja kabla jua halijazama: neno la mtu wetu liko wapi, na ni nani mwingine aliyelisoma?

Tunawaachia yaliyosemwa juzi, tulipokwenda kurekodi ule mlio. Mpwa alikuwa amekaa sakafuni, amezungukwa na mashine zilizofunguliwa. Mjane alikuwa kwenye cherehani yake, hashoni. Mpwa alimwuliza, "Mama, wewe ulimsikia akivisoma. Vile vibao. Unavikumbuka?"

"Vinne," alisema mjane.

"Kati ya thelathini na kimoja?"

"Vinne, mwanangu. Nilikuwa nashona. Ningejua ningesimamisha cherehani."

"Na changu kimo kwenye hivyo vinne?"

"Kimo. Alikisoma herufi moja moja, nikamwuliza mgeni gani, akasema ni wewe."

Mpwa alifunika uso kwa viganja. Kisha akasema, bila kuviondoa, "Usije ukaniongezea. Hata nikikulilia. Hata nikikuomba."

Mjane alisogeza kiti, akamshika bega, akasema kwa sauti, na kinasa sauti chetu kiko wazi: "Nakuahidi, mwanangu. Vinne nitakuambia kila ukiuliza. Cha tano sitakitunga."