Foleni ya Eksirei Aliyoipanga Veneranda

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, naitwa Gervasi, mdogo wake marehemu, nami nimeombwa na familia nisome maisha ya dada yetu.

Veneranda alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 kijijini Ilagala, mtoto wa pili wa mzee Bonifasi na mama Melania, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari Tabora, na mwaka 1982 akahitimu upigaji wa picha za mionzi, akaajiriwa katika hospitali moja ya hapa mjini. Tarehe 8 Novemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Pastory, wakaishi Katubuka, Mungu akawajalia Diana na Eliakimu, na msimamizi wake siku ya ndoa alikuwa Agnesi, rafiki yake wa chumba cha eksirei.

Mwishoni mwa 1996, wakimbizi wa vita vya ng'ambo waliposhuka kutoka ziwani na majeraha ya risasi na mifupa iliyovunjika, foleni ya eksirei ilifika hadi getini, na aliyepigwa picha leo alipewa majibu kesho, wengine hawakuifikia hiyo kesho. Veneranda na Agnesi wakakubaliana kwamba walio hoi waingie kwanza, wawe wenyeji au wakimbizi, na picha ifike kwa daktari hata kabla filamu haijakauka. Mganga mkuu akaridhia kwa mdomo, wagonjwa wakaanza kupasuliwa siku ileile.

Kisha mkubwa mmoja wa mjini akalalamika kwamba aliwekwa nje, kikaitwa kikao, mganga mkuu akanyamaza, na Agnesi alipoulizwa akajibu, "Mimi nilimkataza. Anawapendelea wakimbizi." Tarehe 3 Machi 1997 dada yetu akahamishiwa stoo ya dawa, Agnesi akakabidhiwa chumba, na utaratibu ukaendelea vilevile, ukiitwa wa Agnesi. Jioni ile nilimkuta dada amekaa na koti lake la kazi mapajani, hakulia, aliniuliza tu, "Hivi ni Agnesi kweli?"

Januari 1999 aliugua saratani ya ini. Agnesi alikuja na chupa ya uji, marehemu akamkaribisha kiti, akamwambia, "Uji nitakunywa, lakini yale maneno nenda ukayafute palepale ulipoyasema." Hakwenda. Veneranda alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Agosti, Diana akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, manesi, majirani wa Katubuka, na wafanyakazi wenzake waliokuja wote. Agnesi, najua umo humu ndani. Dada hakutuagiza tukufukuze, wala hakutuachia msamaha wa kukupa. Jambo hilo lilikuwa lenu wawili, na sasa umebaki nalo peke yako.

Dada Veneranda, umechoka, lala. Mungu akupokee.