Mkwe Aliyevuka Bonde Kila Jioni

Sogezeni viti karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Jioni hii tuko na mtu wetu. Mzee Kaloli Lubyayi wa Kyasonko, fundi wa kugonga nguo za magome, ametutoka Jumanne. Atazikwa kesho saa kumi, katika migomba ya baba yake. Nasema mapema ili tusipoteze muda: mtu huyu tunajivunia.

Wengi wenu mlimjua kwa nyundo yake. Warithi wengi wa huku Buddu walivikwa lubugo, nguo hiyo ya magome, aliyoigonga yeye, na wazee wetu wengi wamezikwa nayo. Wengine mlimjua kupitia hadithi fupi, bila kujua kwamba ni yeye. Tutafika huko.

Kaloli alimwoa Gaudensia, binti pekee wa Bibi Melania Nantongo wa ng'ambo ya bonde. Gaudensia akafariki mapema. Akamwachia binti mmoja, Nannozi, ambaye wakati huo alikuwa mbali akisomea ualimu. Haukupita muda, Bibi Melania akapooza miguu. Bibi wa watu hakuwa na mtoto mwingine. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kwetu inajulikana. Mwanamume na mama mkwe wake hawagusani na hawatazamani usoni. Mama mkwe akikuona njiani, anajitosa migombani mpaka upite. Atakayevunja mwiko huo mikono itamtetemeka hadi kaburini. Sasa Kaloli, mgane, kila jioni alivuka bonde, akaingia nyumbani kwa mama mkwe wake, akafunga mlango. Narudia: akafunga mlango. Alitoka giza likiwa limeshaingia.

Basi watu wakapata la kusema. Kisimani wanawake walimwangalia akichota maji, wakanong'onezana kwamba mikono tayari imeanza kutetemeka. Jamani, mtu kabeba madumu mawili na anapanda kilima, ulitaka mikono ifanye nini? Watoto walikatazwa kumwamkia. Padri mwenyewe aliombwa amkanye.

Kisha baba yake Kaloli akafariki. Alikuwa amemtaja Kaloli kuwa mrithi, lakini siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa ukasema hapana. Mtu asiye na haya hawezi kukalia kiti cha baba wala kuyatunza makaburi. Mkuu wa ukoo, mzee Bwanika, akamtaka ajieleze. Kaloli akajibu kwa upole: "Ssebo, mzee wangu, mambo ya nyumba ya mama mkwe wangu hayasemwi barazani. Kama mnaona sifai, mpeni mwingine."

Nannozi alikuwepo, amekuja likizo. Ukweli aliujua. Alinisimulia hivi: "Nilimvuta kanzu, nikamwambia, baba, sema. Akaniambia, nikisema, nitakuwa nimemvua nguo bibi yako mbele ya watu. Na wewe usiseme. Basi sikusema. Nikavuka bonde mbio, nikamwambia bibi."

Wazee walikuwa bado wanatafuta jina jingine pale vijana wanne walipoingia uani na machela. Juu yake kulikuwa na mtu amefunikwa shuka tangu kichwani mpaka miguuni. Walimweka nyuma ya ukuta wa nyumba, upande ambao Kaloli hawezi kumwona. Ndipo sauti ya Bibi Melania ikasikika.

"Nasikia mnatafuta mwenye haya. Mtu huyu sijamwona uso tangu alipokuja kuposa. Alitundika lubugo katikati ya nyumba yangu, kutoka darini mpaka chini. Anapika upande wake, sahani anaisukuma kwa ubao. Mlango anaufunga kwa sababu ya kuku wenu, maana nao hawana adabu. Sasa na mimi niulize. Mwenye mama mkwe hapo ni nani? Na huyo mama jana alikula nini?"

Mzee Bwanika alisimama, akachukua lubugo ya urithi, akamfunga Kaloli begani kwa mikono yake mwenyewe.

Miaka ikapita. Nannozi akawa mwalimu, akayaandika hayo kuwa hadithi fupi, majina akayabadilisha, akaniletea hapa studio. Niliisoma katika kipindi hiki hiki. Nikaikata makusudi pale mlango unapofungwa, nikafungua simu. Lo! Bwana mmoja wa Lukaya alitaka mkwe huyo achapwe. Mama mmoja akasema watu wa namna hiyo yeye huwajua kwa macho tu. Kisha ikaingia sauti ya mzee, imetulia kabisa.

"Mtangazaji, huyo mkwe ana kosa kweli. Mchuzi wake wa karanga uliungua kila siku, na mama wa watu alimwambia."

Sasa mnajua alikuwa nani. Nilisoma sehemu iliyobaki. Simu hazikuita tena. Leo walimu huisoma darasani, nao hukatia hapo hapo.

Nannozi ana jambo jingine alilotaka mlijue. Bibi Melania alipofariki, Nannozi alimsihi baba yake aingie amwone uso, japo mara moja, maana sasa hakuna wa kuona aibu. Kaloli akatikisa kichwa. "Sauti yake nilikuwa nayo," akasema. "Inanitosha." Akabaki nje na nyundo yake, anagonga lubugo ya kumzikia, huku analia waziwazi.

Mwalimu Nannozi, wajukuu, na ukoo mzima wa Lubyayi, poleni sana. Mungu amlaze pema. Mmetoa mtu, na Buddu nzima inatembea kifua mbele kwa ajili yake.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni hii kuna jirani utakayetaka kumsema. Kabla hujamsema, vuka ukamuulize. Ukishindwa kumuuliza, nyamaza. Kaloli alikuwa tayari kupoteza kiti cha baba yake ili amsitiri mama asiyemjua uso. Wewe huyo jirani yako uso unamjua.