Kopo la Maji Kisarawe

SISTA ODILIA: Haloo? Haloo? Hapo ni Kibaha, shamba la mkonge?

SIWEMA: Ndiyo. Ni mimi Siwema, mama yake Biasha. Karani kaniita nimekuja mbio, mtoto mgongoni. Nani mwenzangu?

SISTA ODILIA: Sista Odilia, wa shuleni. Hujambo, mama?

SIWEMA: Sijambo, Sista. Biasha ana nini?

SISTA ODILIA: Usiogope. Napiga kutoka bomani Kisarawe. Tumewaleta wasichana matembezi, kupanda vilima. Saa saba hivi akaanguka njiani—

SIWEMA: Kavunjika?

SISTA ODILIA: Hapana. Kumbe amefunga! Mkate wake wa asubuhi tumeukuta kwenye leso.

SIWEMA: Ramadhani hii, Sista—

SISTA ODILIA: Najua, mama. Jana nilisema, aliyefunga abaki bwenini apumzike. Akanyamaza, anataka kuja na wenzake. Sasa midomo imemkauka, na kopo la maji ninalompa hataki mpaka mama yake aseme. (waya unakoroma) Mama? Unasikia?

SIWEMA: Kwa mbali. Nipe mwanangu.

(Sista anampa Biasha simu)

BIASHA: Shikamoo, mama.

SIWEMA: Marahaba. Mbona sauti imekwisha?

BIASHA: Nimechoka tu.

SIWEMA: Kunywa maji, mwanangu.

BIASHA: Baba alisema siku nikila cha masista mchana wa Ramadhani, shule basi. Atakuja kunichukua mwenyewe.

SIWEMA: Alisema, ndiyo.

BIASHA: Na jua limebaki kidogo—

SIWEMA: Kidogo wapi, saa nane hii! Mjanja wewe. Miaka tisa, nani kakulazimisha kufunga?

BIASHA: Kwani wewe hujafunga?

(mtoto analia mgongoni)

BIASHA: Mama?

SIWEMA: Nimefungua tangu juzi. Maziwa yalikatika, mdogo wako Twalibu analia usiku kucha. Sina nguvu, Biasha.

BIASHA: Baba anajua?

SIWEMA: Bado. Akirudi jioni nitamwambia. Langu na lako, yote mara moja.

BIASHA: Atagomba.

SIWEMA: Agombe. Mwezi ukiisha tutalipa, mimi siku zangu, wewe yako moja. Ukija likizo nitakuamsha daku tule wote.

BIASHA: Na shule?

SIWEMA: Mimi jina langu nimejua kuliandika juzi juzi, darasa la jioni, na vidole hivi vya kukata mkonge. Wewe hutoki shule. Baba yako niachie mimi. Kopo liko wapi?

BIASHA: Sista amelishika.

SIWEMA: Lichukue mwenyewe. Sema bismillahi. Polepole, usije ukapaliwa.

(waya unakoroma)

SIWEMA: Biasha? Karani ananionyesha saa, dakika zimekwisha. Umekunywa?

BIASHA: Mama... maji ya huku matamu.

SIWEMA: Kunywa tena. Na huo mkate ule. Mwambie Sista nimeshukuru— haloo? Haloo?